Maswali ya bustani: Nyanya zimechanua zikiwa bado kwenye kifuu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na nyanya, na karibu zote zinauliza habari ya ua. Kuna wanaosema limetoka mapema mno, na kuna wanaolia kwamba linadondoka. Nimeitanguliza barua ya kijana wa Mikindani kwa sababu ameeleza kila kitu, mpaka chombo alichopandia na mchanga alioutoa wapi. Mniandikie hivyo wote, tafadhali. Nikijua udongo na chombo, jibu langu linakuwa la shamba lako, si la shamba la mtu mwingine.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Mikindani, naendesha bodaboda, na nyuma ya nyumba tuna kiwanja kidogo. Mwishoni mwa Machi nilisia nyanya pakiti mbili, Cal J na Money Maker. Mama anapika na kuuza wali wa nazi, kwa hiyo vifuu havikosekani, nikavitumia badala ya viriba. Nilijaza mchanga wa uani na samadi kidogo ya mbuzi. Mbegu ziliota vizuri ndani ya wiki moja. Sasa miche ina wiki saba, urefu wake kama shubiri moja, majani ya chini yamekuwa ya njano, na karibu yote imetoa maua. Mmoja una kitunda kama punje ya choroko. Jirani ananiambia nina bahati, nitakula nyanya mapema. Kwenye simu nimesoma kwamba nikate maua yote mpaka mti ufike magotini. Nimsikilize nani? Tena, kwa nini miche mingine imedumaa kabisa, na vifuu ni vilevile?*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu vifuu si vilevile. Nazi ikivunjwa katikati, upande mmoja unabaki na macho matatu na upande wa pili hauna tundu hata moja. Kwenye macho hayo, jicho moja ni laini, linatoboka hata kwa kijiti, na maji ya ziada yanapita hapo. Nenda kaigeuze ile miche iliyodumaa. Nina hakika kubwa utakuta mingi imo kwenye vifuu visivyo na macho. Maji yamesimama chini, mizizi imekosa hewa, na ukiichomoa utaiona ina rangi ya kahawia na inavutika kama uzi uliolowa. Mche wenye mizizi ya namna hiyo usihangaike nao. Mche wenye mizizi myeupe, hata kama juu unaonekana hovyo, bado una maisha.

Sasa ua. Kichala cha kwanza cha nyanya, yaani kishada cha maua, hakiamuliwi siku unapokiona. Kinaanza kujengwa ndani kabisa ya ncha ya shina wakati mche una majani halisi mawili au matatu tu, yaani wiki ya tatu hivi tangu kusia, wewe ukiwa bado unauona ni mtoto. Kwa hiyo nyanya kuwa na ua si ugonjwa wala si muujiza. Aina fupi kama Cal J hutoa kichala cha kwanza baada ya majani matano hadi saba, halafu vingine vinafuatana kwa karibu, kila jani moja au mawili. Aina ndefu kama Money Maker husubiri majani saba hadi tisa, wakati mwingine zaidi, kisha huweka kichala kila baada ya majani matatu na kuendelea kupanda juu.

Linalonitia wasiwasi kwako ni ukubwa wa mti wenyewe. Shubiri moja, wiki saba, majani ya chini ya njano. Kifuu hakibebi hata nusu lita ya udongo. Mzizi umeshuka, umegonga ganda, umeanza kuzunguka kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo ya kisima. Mchanga wa uani haushiki mbolea, kila ukimwagilia unaisafisha naitrojeni kidogo iliyotoka kwenye ile samadi ya mbuzi. Mti ukikosa naitrojeni hunyang'anya majani yake ya zamani ili ulishe machanga, ndiyo maana njano imeanzia chini. Na mti uliobanwa, wenye njaa na kiu ya mchana, hausubiri tena kukua. Unaharakisha kuzaa. Hapo ndipo jirani yako anapokosea, na namsema kwa heshima. Hilo ua ni dalili ya shida ya mzizi.

Ukiiacha jinsi ilivyo, utakula nyanya mapema kweli, mbili au tatu ndogo. Kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuiva ni siku 45 hadi 60, na muda wote huo kitunda hicho kimoja kitakuwa kinanyonya chakula ambacho kilitakiwa kujenga mizizi na majani. Utakapokuwa unachuma hizo mbili, mti umekwisha, na jirani aliyepanda mche usio na ua ndiyo kwanza anaanza kuvuna kwa beseni.

Kuhusu ulichosoma kwenye simu, sikupingi moja kwa moja, ila tazama ushauri ule umetoka wapi. Uingereza, kwa mfano, mtu husia nyanya ndani ya nyumba mwezi Februari au Machi, na hawezi kuitoa nje mpaka hatari ya baridi ya kugandisha ipite, mwishoni mwa Mei. Miche inakaa kwenye vyungu wiki nane, tisa, inabanwa kama yako, inachanua dirishani. Tena wengi hupanda aina ndefu. Wakiambiana wakate maua mpaka mti ukue, wana sababu. Sisi huku hatuna baridi ya kutufungia miche ndani. Kwa joto la pwani yetu, mche wa nyanya uko tayari kuhamishwa kati ya wiki ya nne na ya tano, ukiwa na majani halisi manne hadi sita na shina nene kama penseli. Ukihamisha wakati huo, swali la kukata ua kwa sehemu kubwa halitakuwepo, kwa sababu ua litafunguka mti ukiwa umeshika ardhi.

Lakini yako imeshachelewa, kwa hiyo fanya hivi. Chagua miche yenye mizizi myeupe. Asubuhi imwagilie vizuri, na kazi yenyewe ifanye jioni jua likishalegea. Gonga kifuu kando, na kama mche hautoki usiuvute shina, vunja kifuu. Utaona mizizi imejipanga duara chini. Ilegeze kwa vidole, na ile iliyojisokota kabisa ikate kwa wembe. Usiogope, mche utatoa mingine. Kisha kata kichala cha maua chote, pamoja na hicho kitunda cha choroko, na ondoa majani ya njano. Hapo mche utabaki fimbo yenye majani manne matano juu, na mama atakuuliza umeuharibia nini. Mwambie asubiri.

Shimo lichimbe la kina kuliko ulivyozoea. Shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi mipya pembeni, kila mahali linapogusa udongo wenye unyevu. Ukitazama kwa karibu shina la mche uliokaa kwenye kivuli chenye unyevunyevu utaona vipele vidogo vyeupe karibu na chini. Vipele hivyo ni mizizi inayosubiri udongo tu. Basi fukia shina mpaka karibu na majani uliyoyaacha. Kama chini kuna mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Mikindani, chimba mfereji mfupi, ulaze mche kwa ubavu na kichwa kitokeze. Utajinyanyua wenyewe. Kila shimo litie samadi iliyooza, viganja viwili, na kama una DAP, ile mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda, ukichanganye na udongo ili kisiguse mizizi. Aina fupi weka sentimeta 50 kati ya mche na mche na 60 kati ya mstari na mstari. Aina ndefu ipe nafasi zaidi na kigingi tangu siku hiyohiyo, usije ukachoma mizizi baadaye. Weka kuti juu kwa siku tatu nne, la kukinga jua la mchana. Tandaza nyasi kavu au majani ya mkorosho kuzunguka shina bila kuligusa. Baada ya wiki mbili hadi tatu, ukiona jani jipya la kijani limefunguka, zungushia CAN, ile mbolea ya kukuzia, kizibo kimoja, mbali kidogo na shina, halafu umwagilie.

Kuanzia hapo Cal J na Money Maker hazitunzwi sawa. Cal J ukishaikata ua mara hii moja, basi, usiiguse tena. Aina fupi ina vichala vya kuhesabika. Kila tawi linaishia kwenye kichala, na inachanua kwa pamoja. Ukiendelea kukata mpaka ufike magotini, utakuwa umekata mavuno yako. Machipukizi yake ya kwapani yaache pia, ndiyo matawi yatakayobeba. Money Maker ina subira zaidi. Hata kichala cha kwanza kikija tena kabla mti haujachangamka, kitoe, kwa kuwa nyuma yake kuna vingine vingi, na machipukizi ya kwapani yanyofoe yakiwa madogo kwa kidole, ubaki na shina moja au mawili. Na ukiona mti umeshika, majani ya juu mapana na ya kijani, shina nene, acha ua lifunguke hata kama mti haujafika magotini. Magoti ya nani, kwanza? Angalia jani na shina.

Muda bado unao. Mei katikati ukihamisha, maua mapya yatafunguka Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma na usiku una ubaridi. Hakuna majira mazuri ya ua la nyanya huku kwetu kuliko hayo, na dada yangu anayefuata atatuonyesha kwa nini.

*Asalaam aleykum, dada. Mimi ni mkulima wa Mtama, umri umesogea kidogo lakini shamba sijaliacha. Nina bustani bondeni, namwagilia kwa pampu. Mwaka jana niliotesha nyanya Oktoba ili niuze wakati bei imepanda. Desemba zilichanua vizuri sana, kila mtu alisifu, majani mazito. Maua yote yakadondoka. Nilitia Urea mara mbili nikidhani ni njaa, yakazidi majani. Dukani nikauziwa dawa ya kunyunyiza, haikusaidia. Ni mdudu gani huyu?*

Waaleykum salaam dada yangu. Pole sana kwa hasara. Mdudu sidhani, na hiyo dawa naomba usiirudie kabla hujamwona mdudu kwa macho.

Okota ua moja lililodondoka utazame kikonyo chake. Kikonyo cha ua la nyanya kina kifundo katikati, kama goti dogo. Ua likidondoka lenyewe, hukatika hapohapo kwenye kifundo, safi, na kabla ya kukatika kifundo huwa kimegeuka njano. Mti umeliachia wenyewe. Wadudu hutafuna, huacha tundu, huacha kinyesi. Ukikuta kifundo kimekatika safi, tafuta sababu kwenye hali ya hewa, maji na mbolea.

Kwako sababu kubwa ni joto. Ua la nyanya lina poleni yake lenyewe, yaani ule unga wa uzazi, linajichavusha, lakini poleni hiyo haipendi joto. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, poleni inakuwa mbovu au haimwagiki, ua halishiki tunda, mti unaliachia. Watu wengi hutazama jua la mchana na kusahau usiku. Kuanzia Novemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, usiku wa Lindi na Mtwara haupoi. Tunalala na madirisha wazi, na nyanya nayo imekosa ubaridi inaouhitaji. Ndiyo maana nyanya ya Desemba inaonekana nzuri, ndefu, ya kijani, na haina kitu.

Urea imeongeza tatizo. Nyanya iliyoshiba naitrojeni kabla ya kushika tunda hukazana na majani. Kama unatia mbolea wakati wa maua, tia ile yenye potashi, NPK ya uwiano, na Urea iache kwa mahindi. Maji nayo yawe ya kawaida, si leo mafuriko na kesho kutwa ukavu kwa sababu pampu ilikosa mafuta.

Pengine utaniuliza, sasa bei je? Nalijua jambo hilo vizuri. Mvua zikinyesha, nyanya za huku zinaadimika, matenga yanashushwa kutoka Iringa, na kila mkulima wa Lindi anaona pesa inapita mbele yake. Lakini bei hiyo iko juu kwa sababu nyanya ya huku haizai vizuri wakati huo, kwa joto hilo na kwa bakajani, ugonjwa wa madoa ya majani unaokuja na mvua. Ukitaka kujaribu, jaribu mistari miwili mitatu, si bonde zima. Uliza duka la pembejeo mbegu inayoandikwa kwenye pakiti kwamba inavumilia joto. Panda upande unaopata kivuli cha mnazi saa za alasiri. Inua matuta. Na asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, pita ukigonga vigingi kwa fimbo, taratibu, ili maua yatikisike na poleni imwagike. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa hufanya kazi hiyohiyo. Hung'ang'ania ua na kulitetemesha kwa mngurumo mpaka poleni idondoke. Usiwaue. Kama ni lazima kunyunyiza dawa, nyunyiza jioni wakiwa wamekwenda kulala.

Kwa bonde zima ningekushauri uigeuze kalenda. Sia mbegu mwishoni mwa Machi mpaka Mei mwanzoni, upandikize mvua zinapokatika, maua yakute Juni hadi Agosti. Kwenye kaskazi bonde lako lipe bamia, ngogwe, bilinganya na mchicha, ambazo joto haliziangushi hivyo. Ila ngogwe na bilinganya ni ukoo mmoja na nyanya, usizipande mahali palepale nyanya ilipotoka, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko na minyoo fundo, ile inayoivimbisha mizizi, vitazisubiri pale ardhini.

Jambo moja zaidi. Ukiwa bondeni geuza majani utazame upande wa chini. Ukiona vijidudu vyeupe vinaruka kama unga, hao ni inzi weupe, wanaoeneza ugonjwa wa majani kujikunja ambao wakulima wengi wanauita rasta. Mti ukiambukizwa mapema hudumaa na maua hudondoka pia. Huo ung'oe, uutoe shambani, usiutupe kando ya tuta. Na ukiona jani lina michirizi mipana kama limechomwa, ndani ukiinua kuna kiwavi mdogo, huyo ni kantangaze, ambaye tumekuwa naye nchini tangu 2014. Huyo niandikie mapema, ana habari ndefu peke yake.

*Bibi Shamba, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tandahimba, tuna bustani ya wanafunzi. Tumesia nyanya mara kadhaa. Zinaota vizuri, baada ya siku chache zinalala chini moja baada ya nyingine, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapotoka ardhini. Watoto wanakata tamaa.*

Nzuri, mwalimu. Hicho ni kinyaushi. Kuvu wamo kwenye udongo, na wanapenda kitalu chenye maji mengi, miche iliyosongamana na kivuli kizito. Watoto wakipewa mbegu humwaga ngumi nzima, kisha kila mmoja anataka zamu yake ya kumwagilia. Hapo ndipo pa kurekebisha. Kila darasa liwe na mmwagiliaji mmoja kwa siku, asubuhi tu, ili udongo ukauke juu kabla ya usiku.

Badilisheni udongo wa kitalu, msitumie ule palipolala miche. Changanyeni udongo wa msituni, mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva kabisa. Wengine huchoma takataka kavu juu ya tuta kabla ya kusia, na joto lile huua kuvu wa juu. Fanyeni kama mna usalama wa moto. Chora vifereji vya kina kisichozidi sentimeta moja, vipishane sentimeta 10 hadi 15, na watoto waweke mbegu moja moja kwa vidole. Funika kwa udongo mwepesi, weka nyasi juu, na siku ya tano au ya sita uanze kuchungulia. Ukiona shingo za kwanza zinainuka, nyasi ziondoke siku hiyohiyo jioni. Mkichelewa, miche itarefuka ikitafuta mwanga na itakuwa dhaifu hata kabla ya kuvu kufika. Kivuli kiwe juu, mita moja hivi, makuti yaliyoachana, hewa ipite. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha punguzeni maji na kivuli kidogo kidogo ili miche ikomae.

Yale majani mawili ya kwanza, membamba na laini pembeni, ni ya mbegu. Waonyeshe wanafunzi jani la tatu lenye meno meno, wahesabu kuanzia hapo. Mtoto akishajua kuhesabu majani halisi, hatauliza tena mche una siku ngapi.

*Nachingwea hapa. Je, nikikamua mbegu za nyanya nzuri ya sokoni nikasia, nitapata nyanya kama ile?*

Inategemea ilikotoka. Kama ni aina ya kawaida, kama Cal J au Tengeru 97, utapata inayofanana sana. Kama ni chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti, watoto watatawanyika, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu anachanua mapema, huyu amechelewa, na sokoni hakuna atakayekuambia ni ipi. Ukiamua, chukua tunda lililoiva kabisa kutoka kwenye mti unaoujua na usio na ugonjwa, kamua mbegu na maji yake kwenye bakuli, acha siku mbili hadi tatu mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi maana zitaganda. Zihifadhi kwenye chupa kavu iliyofungwa, kwa sababu unyevu wa hewa yetu huua mbegu haraka.

*Kisima chetu Msimbati kina chumvi kidogo. Nyanya zinaota kwa shida, na tunda likija linaoza chini.*

Mche mchanga ndio unaoumia zaidi na chumvi, kwa hiyo kitalu kimwagilieni maji ya mvua au ya bomba, hata kama ni ndoo moja kwa siku. Mti ukishakomaa unavumilia kidogo. Kule kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda. Chumvi inauzuia mzizi kuichukua, na kumwagilia kwa kurukaruka kunazidisha. Mwagilieni kwenye shina, si juu ya majani, tandazeni nyasi nene ili maji yasikauke na kuacha chumvi juu, na mvua ikinyesha acheni iioshe ardhi kabla ya kupanda tena. Kama maji yakionjwa ulimi unaisikia chumvi wazi, pandeni spinachi sehemu hiyo, inavumilia kuliko nyanya, na nyanya tatu nne ziwekeni kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, karibu na mlango, mnapoweza kuzipa maji yasiyo na chumvi.